Kibuyu Kimoja, Watu Wawili

Mwaka jana mwezi wa tatu nilijizima. Simu yenyewe sikuizima kwa sababu nilihitaji bando la kazi, lakini nilitoka kwa makundi yote ya WhatsApp: la familia, la wale tuliosoma nao, la harusi ya binamu, la matanga ya mtu ambaye hata sikumjua vizuri. Nikawaandikia watu wa nyumbani ujumbe mmoja mrefu. Nahitaji muda wa kujitafuta, nikasema. Roho yangu imechoka. Naomba msinipigie kama si dharura.

Nikaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nilisali, nilifunga siku mbili kwa wiki, niliandika kwa daftari mambo ya kushukuru. Na kusema ukweli, ilifanya kazi. Nililala vizuri, kichwa kikatulia, nikaacha kugombana na kila mtu kwa matatu. Nikaamini hivyo ndivyo mtu anavyokua kiroho.

Wiki ya nne mamangu akapiga. Aliomba niongee na ndugu yangu mdogo. Kijana alikuwa ametumwa nyumbani kuleta karo na hakuwa amerudi shuleni kwa siku 19. Alikuwa anaenda na mjomba kubeba mawe kwa mjengo.

"Kwa nini hakuniambia?"

Mama alinyamaza kidogo. Huniita baba, kwa sababu nimebeba jina la babake. "Alisema umesema unatafuta amani, baba. Hakutaka kukusumbua."

Hakukuwa na lawama kwa sauti yake. Afadhali angenifokea. Kijana wa miaka kumi na sita alikuwa amepima amani yangu na masomo yake, akaamua amani yangu ni nzito zaidi. Mimi ndiye niliyempa hiyo mizani.

Lakini ngoja, usinihukumu bado. Kuna sehemu ya kwanza ya hadithi.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Watu nikiwaambia ni karo, wanaelewa haraka na wanabadilisha mada. Ukweli ni kwamba nilikuwa napata pesa kidogo kwa kuandika mtandaoni, na karibu yote nilituma nyumbani. Mwezi mzuri nilipata shilingi 18,000 na nikatuma 11,000. Kodi ya nyumba nililipa kwa kukopa kwa simu, kisha nikakopa kwingine kulipa ule mkopo. Kijijini niliitwa mtoto mzuri. Usiku nililala nikiwahesabia makosa yao mmoja mmoja: huyu hajaniuliza kama nimekula, yule amenunua simu mpya. Nilitoa kwa mkono, moyo ukabaki unanyang'anya. Siku niliyokosa kusajili mitihani sikulia. Nilihisi kama nimepata sababu halali ya kuwachukia.

Kwa hivyo nimekosea mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Kwanza nilijitoa mpaka nikaisha. Halafu nikajiokoa mpaka ndugu yangu akaogopa kunipigia.

*

Uyahudi uliingia hapa kupitia kazi, si kupitia wokovu. Mteja mmoja wa ng'ambo alitaka makala ishirini kuhusu maadili ya Kiyahudi, analipa kwa neno. Mimi ni mtoto wa Bungoma niliyelelewa kanisani. Wayahudi niliowajua ni wale wa Biblia, na wale wachache waliotajwa na wafanyabiashara wa kwetu wanaovuka mpaka kwenda Mbale: kwamba huko Uganda kuna watu ambao Jumamosi hawauzi wala hawanunui. Baadaye ndipo nikajua ni Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, mkuu wa kijeshi aliyeamua kufuata Torati mwaka 1919. Na hapa Nairobi, nimepita sinagogi la University Way mara mia kadhaa bila hata kugeuza shingo.

Nikasoma basi, kwa sababu ya pesa. Nilipofika kwa Talmud nikaanza kusoma kwa sababu yangu.

Talmud ni mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa zamani. Si kitabu cha kukupa jibu haraka. Kinakuwekea watu wawili wanaobishana, mara nyingi wote wawili wana akili, halafu kinakuacha hapo. Mjadala ulionishika ni huu. Watu wawili wako safarini jangwani, na mmoja ana kibuyu cha maji. Wakigawana, watakufa wote. Mwenye kibuyu akinywa peke yake, atafika penye watu. Afanye nini?

Rabi mmoja, Ben Petura, alifundisha kwamba wagawane, hata kama wote watakufa, kuliko mmoja kusimama akitazama kifo cha mwenzake. Kisha akaja Rabi Akiva, wa karne ya 2, akafundisha kinyume. Kuna mahali katika Walawi ambapo Mungu anaamuru ndugu yako aweze kuishi pamoja nawe. Akiva alishika hilo neno dogo, "pamoja nawe". Ili mtu aishi pamoja na wewe, lazima wewe uwepo. Kwa hivyo maisha yako yanatangulia.

Nilifurahi vibaya. Si unaona? Hata rabi mkubwa amesema. Na huyu Akiva hakuwa mtu wa kupenda raha. Mapokeo yanasema alianza kusoma akiwa na miaka arobaini, na Warumi walimuua kwa sababu hakukubali kuacha kufundisha Torati. Mtu aliyetoa maisha yake ndiye aliyesema maisha yako yanatangulia. Nilitaka kumtumia mama hiyo aya usiku huohuo.

Bahati nzuri niliendelea kusoma. Mahali pengine marabi wanauliza kuhusu mji wenye chemchemi, na maji hayatoshi wao na majirani wa mji mwingine. Kama ni maji ya kunywa kwa wote wawili, wenye chemchemi wanatangulia. Kama ni ya kufua nguo kwa wote wawili, bado wenyewe wanatangulia. Lakini kama majirani wanataka maji ya kunywa na wenyewe wanataka ya kufua? Hapo uhai wa jirani unatangulia nguo zako.

Kuna aliyepinga. Rabi Yose alisema hata kufua kwao kunatangulia, na marabi wa baadaye wakaeleza kwa nini: kukaa na nguo chafu kunaweza kumharibu mtu akili. Napenda kwamba Talmud iliyaacha maoni yake humo. Kuna siku kitu kinachoonekana kama anasa ndicho kinachokushikilia usipasuke, na mtu wa nje hawezi kukuamulia. Lakini hata Yose hakusema usipime. Alisema tu kwamba kipimo chako kinaweza kuwa tofauti na wanachoona wao.

Nikajiuliza swali ambalo sikutaka kujiuliza. Wiki zile nne nilipokaa kimya, nilikuwa nakunywa au nilikuwa nafua?

Jibu la kweli ni kwamba wiki ya kwanza nilikuwa nakunywa. Nilikuwa nimefika mwisho. Wiki ya pili pia, labda. Kufikia wiki ya nne nilikuwa nafua nguo zilizokwisha kutakata, na ndugu yangu ana kiu.

*

Kuna sheria nyingine ambayo ningeijua mapema labda ningekuwa na digrii. Katika karne hiyohiyo ya 2, katika mji wa Usha kule Galilaya, marabi waliweka kikomo cha kutoa. Anayegawa mali yake asizidi sehemu moja kwa tano. Sababu waliyotoa haina mapambo: asije akawa maskini wa kusaidiwa na watu. Miaka mingi baadaye Maimonides, aliyezaliwa 1138 na kufa 1204, akaipanga vizuri katika kitabu chake cha sheria. Sehemu ya tano ni bora, sehemu ya kumi ni wastani, chini ya hapo una jicho baya. Akaongeza pia kwamba hata maskini anayeishi kwa kupewa lazima naye atoe kitu. Yaani hakuna aliye chini kiasi cha kunyimwa heshima ya kutoa, na hakuna aliye mwema kiasi cha kuruhusiwa kujimaliza.

Sehemu ya tano ya 18,000 ni 3,600. Mimi nilikuwa natuma zaidi ya sehemu tatu kwa tano, halafu nikawa yule hasa waliyemwogopa marabi wa Usha, mtu anayesaidia kwa pesa za kukopa.

Najua utasema mama si maskini wa barabarani, na ndugu si mradi wa hisani. Ni kweli. Deni la mtoto kwa mzazi lina sheria zake huko pia, na wa nyumbani wanatangulia kabla ya wa mtaa, na wa mtaa kabla ya wa mbali. Siichukui hiyo namba kama bei. Kilichonigusa ni kwamba kuna watu waliokaa chini wakaona wema nao unahitaji ukingo, kama mto. Sisi tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Ni methali nzuri, lakini haikuambii moyo ukikauka ufanye nini.

Na kuna jambo la lugha hapa. Neno lao la kutoa kwa mhitaji ni tsedaka, na halitokani na huruma. Linatokana na haki. Kiswahili kilipata neno "sadaka" kutoka Kiarabu, lugha ndugu ya Kiebrania, na mzizi wake ndio huohuo uliotupa kusadiki. Kwetu sadaka imekuwa kitu unachodondosha kikapuni Jumapili ukijisikia. Kule ni deni. Na deni, tofauti na moyo, lina kiwango. Unaweza kulilipa, ukajua umelipa, ukalala.

Lakini usikimbie na hii kama nilivyokimbia na kibuyu. Talmud inasema pia kwamba mali yako iliyopotea unaweza kuitafuta kabla ya kutafuta ya mwenzako. Mara moja inaongeza onyo la Rav Yehuda: mtu anayeishika hii sheria kwa ukali, kila mara yeye kwanza, mwisho wake ataishia kwenye umaskini uleule anaoukimbia. Wamekupa ruhusa na papo hapo wamekuambia usiijengee nyumba.

*

Mpaka hapa ni hesabu ya pesa na maji. Roho je? Mimi sikujizima ili nile vizuri. Nilitaka kukua. Nilitaka Mungu, kama neno hilo halikukeri. Je, si kuna wakati mtu anapaswa kuacha watu wote akae na Mungu wake?

Uyahudi una hadithi ya mtu aliyefanya hivyo kuliko mimi na wewe tutakavyowahi. Rabi Shimon bar Yochai aliwasema Warumi vibaya, ikatoka amri auawe. Akajificha pangoni na mwanawe Elazar. Mti wa karobu ukaota kwa muujiza, na chemchemi ikatokea. Walivua nguo zisichakae, wakajifukia mchangani mpaka shingoni, wakasoma Torati kutwa nzima. Nguo walivaa wakati wa kusali tu. Miaka kumi na miwili.

Kisha wakasikia kaisari amekufa, wakatoka. Wakaona watu wanalima na kupanda. Wakashangaa: watu hawa wanaacha uzima wa milele na kuhangaika na mambo ya kupita? Na kila mahali walipoelekeza macho, pakaungua.

Unadhani Mungu alifurahishwa na hiyo nguvu ya kiroho? Sauti kutoka mbinguni iliwauliza kama wametoka kuja kuuharibu ulimwengu wake, ikawarudisha pangoni.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilijua hayo macho. Wiki yangu ya tatu nilikuwa nayo. Niliwatazama majirani wa ploti wakipiga kelele za mpira, mama mboga akigombana na mteja kwa sababu ya shilingi kumi, na nikawahurumia kutoka juu. Hawajui, nilisema moyoni. Wamelala. Nilikuwa na amani nyingi na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepashwa moto nayo. Waliungua tu.

Walikaa pangoni miezi kumi na miwili zaidi, halafu wakatoka tena. Mwana alikuwa bado anaunguza, lakini sasa baba alikuwa akiponya palipoungua. Ijumaa jioni wakamwona mzee mmoja anakimbia na mafungu mawili ya matawi ya mihadasi. Wakamuuliza ya nini. Akasema ni kwa heshima ya Sabato. Mzee wa kawaida, hana pango, anaharakisha kufika nyumbani kabla jua halijatua na matawi yanayonukia vizuri. Basi, hapo mioyo yao ikatulia.

Sehemu inayofuata watu wengi huiruka, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Mkwewe Shimon alimpeleka kuoga, akaanza kumshughulikia ngozi iliyopasuka kwa kukaa mchangani, na machozi ya mkwe yakadondoka kwenye vidonda. Baada ya hapo Shimon akauliza kama kuna kitu katika mji ule kinachohitaji kutengenezwa. Wakamwambia kuna mahali panaposhukiwa kuwa na makaburi, na makuhani, ambao sheria inawakataza kukanyaga kaburi, wanalazimika kuzunguka. Akaenda akapapima, akaonyesha pa kupita na pasipo pa kupita.

Miaka kumi na mitatu ya pangoni, na kazi yake ya kwanza mjini ilikuwa kuwarahisishia watu njia.

Hadithi hii haidharau pango. Marabi waliwahi kukaa ghorofani kwenye nyumba moja huko Lod wakajadili kipi kikubwa, kusoma au kutenda. Rabi Tarfon akasema kutenda, Akiva akasema kusoma, na wote wakakubaliana kwamba kusoma ni kukubwa kwa sababu kunaleta kutenda. Ukilichunguza hilo jibu utaona limempa kila mmoja nusu ya ushindi. Nafsi inastahili muda wake. Ila ukitaka kujua huo muda umekujenga au umekuharibu, usiangalie ulivyojisikia ukiwa ndani. Angalia macho yako ukitoka.

*

Karne ya 19 huko Lithuania aliishi Rabi Israel Salanter, aliyezaliwa 1810 na kufa 1883. Huyu ndiye baba wa harakati ya Musar, ambayo kazi yake yote ni mtu kujirekebisha: kukagua hasira yake, kiburi chake, uvivu wake, siku baada ya siku. Mtu wa kujijenga kabisa. Ndiyo maana hadithi zinazosimuliwa kumhusu zinanishangaza.

Inasimuliwa kwamba aliketi kula nyumbani kwa mtu, na wakati wa kunawa mikono kwa ajili ya mkate akatumia maji kidogo tu, kiwango cha chini kabisa. Wenzake walishangaa, maana ucha Mungu ulionyeshwa kwa kunawa maji mengi. Akawaonyesha mtumishi, msichana aliyekuwa akibeba hayo maji kutoka mbali. Hakutaka kuwa mcha Mungu kwa mabega ya mtu mwingine.

Inasimuliwa pia kwamba jioni ya kuanza Yom Kippur, siku takatifu kuliko zote, waumini walimsubiri sinagogini na hakufika. Njiani alikuwa amesikia mtoto analia. Mamake alikuwa ameenda kusali na kumwacha na dada mdogo aliyeshikwa na usingizi. Rabi akaingia, akambembeleza mtoto, akakaa hapo. Na mwaka 1848, kipindupindu kilipokuwa kinaua watu Vilna, aliwataka Wayahudi wa mji wasifunge Yom Kippur ili miili yao isidhoofike. Wapo wanaosimulia kwamba alikula yeye mwenyewe mbele ya waumini.

Katika siku hiyohiyo ya mfungo, masinagogi yote husoma sura ya Isaya ambamo nabii anawakaripia watu wanaofunga huku wanawakandamiza wafanyakazi wao. Kila mwaka, ukiwa na njaa ya kutafuta utakatifu, unasomewa kwamba njaa yako pekee haimvutii Mungu.

Fundisho la Salanter, kwa maneno yangu, ni kwamba mahitaji ya mwili ya mwenzangu ndiyo mahitaji yangu ya kiroho. Mwenzako ana tumbo, wewe una roho, na njia ya roho yako inapitia kwa tumbo lake. Sisi wengi tunafanya kinyume. Tumbo letu tunalilinda wenyewe, halafu roho za wengine ndizo tunazozihangaikia: huyu hasali, yule amepotea, ndugu yangu anahitaji kuwa na nidhamu zaidi. Mimi nilikuwa nimepanga kumwandikia ndugu yangu kuhusu nidhamu. Kweli kabisa. Ilikuwa kwenye daftari la shukrani.

*

Sasa usidhani nakuambia urudi ujimalize. Maimonides aliyeandika zile sheria za kutoa alikuwa pia daktari wa watawala wa Misri. Mwaka 1199 alimwandikia barua mfasiri wake, Samuel ibn Tibbon, aliyetaka kumtembelea wakae wazungumze elimu. Akamweleza kwa nini haitawezekana. Kila asubuhi anaenda Cairo kwa sultani. Anarudi Fustat alasiri na njaa, anakuta nyumba imejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi. Anawaomba wamvumilie ale kidogo, mlo wake pekee wa siku, halafu anawatibu mpaka usiku, na kwa uchovu inabidi awahudumie akiwa amelala. Jumuiya yake inapata kuzungumza naye na kusoma naye siku ya Sabato tu.

Siioni hiyo barua kama mfano wa kuigwa. Naiona kama barua ya mtu aliyechoka. Lakini hata yeye, katika siku saba, kulikuwa na moja ambayo wagonjwa hawakuweza kuimeza yote. Sabato ni kile kikomo cha sehemu ya tano, sasa kikiwekwa kwa saa. Inavunjwa kwa ajili ya kuokoa uhai, na sheria inasema hapo usisite hata kidogo. Haivunjwi kwa sababu mtu anakuita mtoto mzuri.

Kuna kitu kingine ambacho sikukiweka kwenye hesabu zangu zote. Rabi Yohanan alikuwa anajulikana kwa kuwatembelea wagonjwa, kuwapa mkono na kuwainua. Siku moja akaugua yeye, na Rabi Hanina akaja akamwinua. Talmud inauliza, kwa nini asijiinue mwenyewe? Jibu lao linatumia mfano wa mfungwa na gereza. Letu tunalo tayari: kinyozi hajinyoi.

Katika miaka yote ya kutuma 11,000 sikuwahi kumwambia mama kwamba nina njaa. Nilidhani ni upendo. Ilikuwa kiburi, na ilimnyima yeye haki ambayo hata maskini wa Maimonides alikuwa nayo, haki ya kutoa.

Kwa hivyo nilimwambia. Nilimweleza mikopo, mitihani niliyokosa, yote. Alinyamaza tena kile kimya chake. Wiki iliyofuata basi la usiku likaleta gunia dogo: unga, maharagwe, ndizi zilizoiva zaidi ya kiasi. Nilikula hizo ndizi zote kwa siku mbili.

Karo ya ndugu yangu ilizidi sana sehemu ya tano ya chochote nilichokuwa nacho. Mama alienda kuongea na shule, mjomba akachangia, mimi nikatuma nilichoweza bila kukopa. Alirudi darasani baada ya wiki mbili zaidi. Hizo siku zilizopotea hazikurudi, na aliacha kuniomba vitu. Nikimpigia anasema yuko poa. Nikimtumia kitu anasema asante, bro, kama unavyomshukuru mtu wa ofisini.

Bado naamka saa kumi na moja. Sikuacha, na sidhani napaswa kuacha. Mwezi uliopita, alfajiri nikiwa katikati ya sala, simu ikawaka. Alikuwa yeye, kwa simu ya mama. "Bro uko? Samahani kukusumbua. Tunaanza mtihani leo na sina seti ya hesabu. 250 tu."

Nikaacha sala hapohapo nikamtumia. Nikangoja mpaka akajibu amepata, halafu nikarudi pale nilipoachia.